Seli Zinazokataa Kufa: Protini Zinazoeleza Ukaidi wa Saratani ya Utumbo Mpana



Mgonjwa wa saratani anapoambiwa kwamba ugonjwa wake umekuwa sugu kwa dawa, familia nyingi huelewa kwamba dawa ilikuwa dhaifu au imepitwa na wakati. Wapo pia wanaoanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Mara nyingi ukweli ni mwingine kabisa. Dawa imefika ndani ya seli ya saratani, imeijeruhi, na jeraha hilo lilipaswa kuifanya seli ijiue yenyewe. Seli imepokea amri, lakini imekataa kuitii. Katika makala hii tunapenda kueleza ukaidi huo unatoka wapi, unasomwaje maabara, na kwa nini jambo linaloonekana kuwa la wanasayansi wa mbali linamhusu mkulima wa Kibondo anayeona damu chooni na kunyamaza. Tutajikita katika saratani ya utumbo mpana na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo kabla ya njia ya haja kubwa. Kwa makadirio ya kimataifa, mwaka 2020 ugonjwa huu ulionekana kwa watu wapya zaidi ya milioni 1.9 duniani, na waliofariki kwa ajili yake walizidi laki tisa.

Kwanza hatuna budi kukubali jambo linalosikika kama kinyume cha mambo: mwili huishi kwa sababu seli zake hukubali kufa. Ukuta wa ndani wa utumbo mpana umejaa vishimo vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Chini kabisa ya kila kishimo hukaa seli mama, ambazo kazi yake ni kuzaa seli mpya. Hizo mpya hupanda ukuta wa kishimo polepole, zikifyonza maji na kutoa ute, na baada ya siku nne au tano hivi hufika juu, hufa, hudondoka na kutoka pamoja na kinyesi. Utando wa utumbo unaokwenda nao Misa Dominika hii, kwa sehemu kubwa siyo ule utakaokwenda nao Dominika ijayo.

Kifo hicho siyo ajali. Mwaka 1972 wataalamu watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walikipa jina la apoptosisi, neno la Kigiriki linalohusu kudondoka kwa majani ya mti. Kwetu mfano huo hauhitaji maelezo marefu. Miti ya miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na hakuna anayesema kwamba msitu umeugua. Mti ungeumia zaidi kama majani yangegoma kudondoka.

Namna seli inavyojiua ni kama ifuatavyo. Ndani yake kuna protini iitwayo p53, inayofanya kazi ya mlinzi. Jeni za seli zinapoharibika, iwe kwa mionzi, kwa kemikali au kwa dawa ya saratani, p53 husimamisha kazi ya kugawanyika ili uharibifu urekebishwe. Ukishindikana kurekebishwa, p53 huita protini nyingine, hasa BAX na BAK, ambazo hutoboa matundu kwenye mitokondria, yaani vile vyumba vinavyoizalishia seli nishati. Kupitia matundu hayo huvuja kitu kiitwacho sitokromu c, na uvujaji huo ndio unaoamsha kaspasi. Kaspasi ni protini zinazofanya kazi kama mkasi: hukatakata viungo vya seli kwa utaratibu, hadi vipande vinavyobaki vinaliwa na seli jirani bila uvimbe wala usaha.

Upande wa pili wapo wapinzani. BCL-2 na ndugu zake, BCL-XL na MCL-1, huwakamata BAX na BAK na kuwazuia wasitoboe. Na hata kama matundu yametobolewa, bado yupo XIAP, anayeweza kuishika mikono ya kaspasi isikate. Wapinzani hawa siyo waovu kwa asili yao. Kule chini ya kishimo, zilipo seli mama, BCL-2 huonekana kwa wingi kwa sababu seli mama hazipaswi kufa ovyo; kadiri seli zinavyopanda juu, BCL-2 hupungua. Kwa hiyo katika kila seli kuna mizani: upande mmoja wanaosema kufa, upande mwingine wanaosema kuishi. Saratani huchezea mizani hiyo.

BCL-2 yenyewe iligunduliwa katikati ya miaka ya 1980 katika saratani ya tezi za limfu, na mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni kichochezi cha kuzaliana kwa seli, kama zilivyokuwa jeni nyingine za saratani zilizojulikana wakati huo. Mwaka 1988 David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams wa Melbourne, Australia, walionesha kwamba sivyo. Seli zenye BCL-2 nyingi hazikuzaliana haraka zaidi. Zilichofanya ni kutokufa pale zilipopaswa kufa. Katika jaribio hilo walioanisha BCL-2 na jeni iitwayo MYC. Msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuijua jeni hii, kwa kuwa ndiyo inayoharibika katika uvimbe wa taya unaowapata watoto wa ukanda wetu, uitwao Burkitt kwa jina la daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliyefanya kazi Uganda. MYC ni kama kanyagio la mafuta la gari, na BCL-2 ni breki iliyokatwa. Gari lenye shida moja dereva mzoefu anaweza kulidhibiti. Lenye zote mbili ni hatari nyingine.

Tumemtaja Burkitt, na inafaa tukae naye kidogo, kwa sababu aliandika pia juu ya utumbo mpana. Katika miaka ya 1970 alieleza kwamba saratani hii, iliyokuwa ya kawaida Ulaya na Marekani, ilikuwa adimu katika vijiji vya Afrika, na alidhani sababu ni chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Sahani ya nyanda za juu za Kigoma, ugali na maharage yake, mboga za majani na ndizi, ingempendeza. Wakati wake haikujulikana vizuri kwamba bakteria wa tumboni huzigeuza nyuzinyuzi za maharage na nafaka kuwa kemikali iitwayo butireti, ambayo ni chakula cha seli salama za utumbo, na ambayo katika majaribio ya maabara imeonekana kuzisukuma seli za saratani kuelekea kile kifo zinachokikwepa. Hatusemi kwamba maharage yanatibu saratani. Yakisemwa hivyo kesho sokoni, msiseme mmeyasoma hapa. Tunasema tu kwamba mezani kwetu kuna jambo jema tulilorithi, na kulibadilisha kwa chipsi na soda za kila siku ni hasara.

Lakini ile faraja ya zamani, kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, haitufai tena. Mwaka 2013 madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, hospitali inayomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, walichapisha utafiti ulioongozwa na daktari bingwa wa upasuaji Phillipo Chalya. Walihesabu wagonjwa 332 wa saratani ya utumbo mpana na puru waliopokelewa hapo katika muda wa miaka mitano. Wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake. Umri wa kati ulikuwa miaka 46, maana yake nusu ya wagonjwa walikuwa na umri huo au chini yake. Ni kweli kwamba taifa letu lina vijana wengi kuliko wazee, na hilo peke yake huushusha umri wa wagonjwa. Hata hivyo, mtu wa miaka 46 ana watoto shuleni na shamba linalomtegemea. Walio wengi walifika ugonjwa ukiwa umekwisha kusonga mbele.

Sasa turudi kwenye zile protini. Zinasomwaje?

Daktari huchukua kipande kidogo cha uvimbe, ambacho watu wetu hukiita kinyama. Maabara hukigandisha ndani ya nta, hukikata vipande vyembamba kuliko karatasi, kisha hukimwagia kingamwili zilizotengenezwa ili zishike protini moja tu, tuseme p53. Palipo na protini hiyo panageuka rangi ya kahawia, na mtaalamu wa patholojia huhesabu kwa hadubini ni seli ngapi zimebadilika rangi na kwa ukolezi gani. Protini zinazosomwa hivyo ndizo huitwa viashiria.

Hapa ndipo akili ya kawaida inapoweza kupotoka. Mtu atadhani kwamba p53 ikionekana kwa wingi ni habari njema, kwa sababu mlinzi yupo. Kumbe p53 iliyo salama huishi dakika chache tu kisha huvunjwa, hivyo katika seli yenye afya haionekani sana. Ile iliyoharibika haivunjwi. Hujirundika ndani ya seli bila kufanya kazi, na ndiyo inayong'aa kahawia. Ni kama lango lenye walinzi ishirini, wote wamelala. Takribani nusu ya saratani za utumbo mpana, au zaidi, zina p53 iliyoharibika.

BCL-2 nayo iliwashangaza watafiti. Walitegemea kwamba uvimbe wenye BCL-2 nyingi ungekuwa mkaidi zaidi na kuua haraka zaidi. Lakini tafiti kadhaa zilionesha kinyume: BCL-2 hujaa kwenye vinyama vya awali ambavyo bado siyo saratani, na katika saratani iliyokomaa mara nyingi hupungua, na wagonjwa ambao uvimbe wao bado una BCL-2 hawakuwa na hali mbaya zaidi, wengine walikuwa na nafuu. Maelezo yanayoelekea kukubalika ni kwamba ugonjwa unapokua hubadilisha walinzi wake. BCL-XL na MCL-1 hushika nafasi, na mlango ukifungwa mmoja, mwingine huwa umeshapatiwa kitasa.

Kwa sababu hiyo watafiti wengi wameacha kuuliza protini moja peke yake. Katika Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Ireland, kilichopo Dublin, kundi la Jochen Prehn lilipima kiasi cha protini tano katika uvimbe wa wagonjwa, yaani BAX, BAK, BCL-2, BCL-XL na MCL-1, kisha likaviingiza vipimo hivyo katika kompyuta ili kukokotoa ni amri kubwa kiasi gani ya kufa inahitajika ili seli ya uvimbe huo itii. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2013. Katika tafiti nyingine walifanya hesabu ya namna hiyo kwa kaspasi na XIAP. Swali lao ni la busara: badala ya kuuliza kama mlinzi fulani yupo, wanapima mizani yote imeelemea wapi. Wanatumaini kwamba siku moja daktari ataweza kumwambia mgonjwa kabla ya dawa kuanza kama seli zake zitaitikia, asipewe miezi ya kichefuchefu na vidonda vya mdomo kwa tiba isiyomfaa.

Siku hiyo haijafika kwa utumbo mpana. Dawa iitwayo fluorourasili, iliyobuniwa mwaka 1957, bado ni nguzo ya tiba ya ugonjwa huu, kwetu na kwa wenzetu wa Ulaya. Dawa inayomng'oa BCL-2 moja kwa moja, venetoklaksi, ilianza kuidhinishwa mwaka 2016, lakini kwa saratani ya damu, siyo kwa hii. Kwa hiyo muumini wa Kasulu asijione amenyimwa kipimo ambacho kila hospitali ya ng'ambo inacho. Viashiria hivi vya ukaidi bado kwa sehemu kubwa ni vya utafiti.

Basi kwa nini tumeandika yote haya? Kwa sababu yanatufundisha jambo kuhusu muda. Ukaidi wa seli haupatikani siku moja. Mara nyingi saratani ya utumbo huanza kama kinyama kidogo kisicho na madhara, na huchukua miaka kumi au zaidi kikikusanya hitilafu moja baada ya nyingine. Kuharibika kwa p53 kwa kawaida huja katika hatua za mwisho. Uvimbe ulioachwa umejipatia muda wa kujifunza ukaidi. Na upasuaji una faida ambayo dawa haina: kisu cha daktari hakihitaji idhini ya BCL-2. Uvimbe ukikutwa ungali ndani ya ukuta wa utumbo, ukakatwa wote, seli zake hazikuombwa zitii amri yoyote. Tatizo la usugu wa dawa huwa zito pale ugonjwa unapokuwa umefika kwenye tezi na kwenye ini, ambako kisu hakifiki kote na tumaini limebaki kwenye dawa inayotegemea utii wa seli. Mahali ambapo vipimo vya protini ni vya nadra, kama hapa petu, kuwahi ndiyo njia tuliyo nayo ya kuushinda ukaidi.

Na tunachelewa kwa sababu tunazozijua wote. Damu ikionekana kwenye choo, neno la kwanza ni bawasiri. La pili ni kuhara damu. Maneno hayo mara nyingi ni ya kweli. Amiba ipo, kichocho cha tumbo kipo, na bawasiri ipo tele. Lakini damu inayorudi baada ya dawa za minyoo na amiba, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kuwa chembamba au kufunga na kuharisha kwa kupokezana, upungufu wa damu kwa mwanamume au kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, kukonda bila sababu: hayo hayapaswi kuitwa bawasiri na mtu ambaye hajaangalia. Kuangalia kwenyewe huanza na kidole cha daktari au tabibu chenye glovu. Kipimo hicho huchukua chini ya dakika moja, hakihitaji umeme wala mashine, na chaweza kufanyika kituo cha afya, hospitali ya wilaya au Kabanga. Wanaume wetu wengi hukikataa kwa aibu. Katika takwimu zile za Bugando, zaidi ya nusu ya uvimbe ulikuwa sehemu ya chini ya utumbo, na ule ulio kwenye puru mara nyingi kidole hukigusa. Tungependa jambo hili lisemwe wazi katika mikutano ya UWAKA na WAWATA na katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, kwa lugha ya kawaida, na wakubwa waanze.

Neno moja juu ya kinyama. Hutokea ndugu wa mgonjwa akakabidhiwa kichupa akipeleke maabara ya mbali, pengine hadi Mwanza kwa barabara ya Nyakanazi. Kichupa hicho si cha kuwekwa dirishani hadi nauli ipatikane. Protini tulizozieleza huoza haraka mara kipande kikishatoka mwilini. Dawa ya fomalini ndani ya kichupa huzizuia kuoza, lakini kipande kikikaa humo kwa muda mrefu mno, protini hujifunga kiasi kwamba kingamwili hazizitambui tena. Muulizeni anayewakabidhi: kuna fomalini ya kutosha, kipande kimezama kabisa, jina limeandikwa, na kinatakiwa kufika lini? Msimwage maji yaliyomo mkidhani ni machafu. Na majibu yakirudi kwenye karatasi, karatasi hiyo itunzwe pamoja na cheti cha ubatizo na hati ya shamba, kwa maana kila daktari atakayefuata ataiomba.

Wapo waliookolewa kwa upasuaji na sasa wanajisaidia kupitia mfuko uliobandikwa tumboni. Baadhi yao wameacha kuja Misa wakihofia harufu na sauti. Wanapaswa kupewa nafasi karibu na mlango bila maswali, na jirani wa benchi ajifunze kutogeuka. Na ndugu zetu wanaosubiri hadi mgonjwa awe hoi ndipo wamwite padre, au wanaomwita padre badala ya kumpeleka hospitali, watambue kwamba Mpako wa Wagonjwa unaweza kutolewa asubuhi ya safari ya kwenda kupasuliwa, mgonjwa akiwa amesimama kwa miguu yake.

Kile kipande kilichowekwa vizuri kwenye nta hakiharibiki upesi. Maabara hukihifadhi, na hata baada ya miaka kumi au ishirini kinaweza kukatwa tena na kupakwa rangi ya kiashiria ambacho siku kilipochukuliwa hakikuwa na jina. Sehemu ya yale yanayojulikana leo kuhusu BCL-2 na p53 katika utumbo ilisomwa kutoka kwenye vipande vya namna hiyo, vya wagonjwa waliokubali kupimwa kabla swali lenyewe halijaulizwa.